Jina la Kumi na Saba

Tālivaldis, leo nimefika kwenye jina lako.
La kumi na saba ukutani, chini ya neno WALITUUZA,
kati ya mwokaji mikate aliyetuuza kweli
na mwanamke nisiyemjua.
Itale ni kaidi asubuhi, patasi inaruka,
na Daugava bado imeganda hadi darajani.

Nimepewa karatasi yenye muhuri. Tahajia imehakikiwa.
Hata kale kamstari juu ya irabu wamekakumbuka,
wao waliosahau mengine yote.

Mimi nakukumbuka ukiwa wa mwisho mstarini,
nyuma ya Vizma, nyuma ya ramani, nyuma ya mbwa,
ukifuta nyayo zetu kwa tawi la msonobari.
Zako ndizo zilizobaki.

Enzi hizo Idara ya Joto ilikuwa na sikio kila chumba.
Ukinung'unika, bomba linapoa.
Ukicheka pasipochekwa, bomba linapoa.
Mama yangu alikufa Februari
kwa neno moja alilolitamka usingizini.

Wewe fundi viatu. Mara nne ulizitia soli buti za Vizma,
ukaficha kisiginoni namba za vali,
wala hukuuliza zitafunguliwa lini, kwa ajili ya nani.
Alipohutubia, ulimshikia taa,
ile taa ya bati aliyokununulia sokoni,
zawadi pekee niliyowahi kuona ukipewa.
Katika kila picha ya miaka ile mkono wako umo.
Mkono tu, na taa.

Kisha usiku wa kiwanda cha maziwa.
Mtu alikuwa ametuchongea. Tukatazamana.
Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zilikuwa sita.
Kabla ya alfajiri tungekuwa tumeshalana.
Ukainuka, ukapangusa makombo ya mkate mweusi ndevuni,
ukasema: Ni mimi.

Hukuwa wewe. Usiku waliouhesabu ulikuwa kwangu,
ukizipunguza buti za marehemu mama zinitoshe,
sindano mdomoni, huwezi hata kusema ahsante ya chai.
Nilifungua kinywa.
Ukanitazama
kama mtu mzima amtazamavyo mtoto anayetaka kuvuka barabara,
nami nikakifunga.

Ulivua buti zako mwenyewe ukingoni mwa mto,
ukazipanga sawasawa, vidole vikielekea mjini.
Zitamfaa mtu, ulisema.
Ukaingia juu ya barafu na soksi zako za sufi,
na hatukusikia kitu, Tālivaldis, barafu haikupasuka hata,
ulitembea tu mpaka ukungu ukakumaliza.

Machipuko vali zikafunguka. Mji ukapata joto.
Watu walilia wakikumbatia mabomba.
Na siku moja Vizma, akiwa na kiti sasa na mlango wenye walinzi,
aliiangusha ile taa ya bati.
Ndani, chini ya utambi, sikio la Idara,
dogo kama mbegu ya tufaha.
Nilikuwapo. Nilikuwa nikipima ukuta wake.
Aliliokota, akalitia mfukoni,
akaniuliza itale itafika lini.

Ukuta hauwezi kuandikwa jina la taa.
Fadhila ya punda, wewe ungesema, halafu ungecheka,
maana ulicheka hata pale tulipokusahau ghalani siku mbili.

Basi. T. Ā. L.
Wao hawakukuona ukichongea mtu.
Mimi hapa, kwa nyundo na mshahara, ndiye ninayekuchongea.

Msimamizi amepita, amepitisha kidole kwenye herufi,
ameuliza mbona za jirani zina kina na hizi zinaelea,
ukoga wa misimu miwili utazimeza.
Nimemwambia patasi imekufa makali.
Amezitazama buti zangu, mshono wake wa mkono, mkali, wa zamani.
Viatu vizuri, amesema. Nani alivitengeneza?

Theluji imeanza tena.
Nimemwambia sikumbuki.